Waya Nyekundu

Habari ya msiba wa Mwalimu Gaspari ilinikuta Morogoro, nimekaa mbele ya kompyuta nahariri video ya harusi ya watu nisiowajua. Bibi harusi alikuwa analia, shangazi yake anamfuta machozi huku macho yake mwenyewe yote yako kwenye kamera, na mimi nilikuwa natafuta pa kukata ili shangazi asije akaonekana kituko mbele ya wakwe. Simu ikalia pembeni. Alikuwa Zuhura, tuliyesoma naye chuo. "Rehema, pole. Mwalimu ametutoka alfajiri. Mazishi Jumamosi, huku huku Mikumi. Familia inaomba wewe ndiye uchukue video, marehemu mwenyewe alishasema." Nilijibu sawa, nikaweka simu chini, nikazima kompyuta. Nilimlilia mwalimu wangu, na nililia sana. Lakini kabla ya kulia nilishikwa na hofu, na hofu yenyewe ilitokana na jina la mahali. Tangu nikiwa na miaka ishirini na minne sijashuka Mikumi. Nimepita na basi mara nyingi nikienda Iringa, na kila mara, tukishavuka mbuga na abiria wenzangu wakimaliza kuonyeshana twiga, mimi huvuta pazia la dirisha na kujifanya nimelala mpaka mji uishe. Wapo watu waliojaliwa ujasiri. Mimi ni mwoga, sijawahi kuona haya kulisema, na naamini uoga huo ndio ulionifikisha kwenye mvi hizi.

Mwaka ninaousimulia niliukaa Kilosa, katika chuo kidogo cha habari ambacho leo hakipo tena. Kilikuwa nyumba moja kuukuu karibu na stesheni, yenye baraza pana na dari lililojaa popo, na sisi tulikuwa wanafunzi wachache tunaojifunza kupiga picha za video na kutengeneza vipindi. Darasa letu lilikuwa sebule ya zamani. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili kuzuia mwanga, kwa hiyo hata saa nne asubuhi mle ndani kulikuwa na giza la kuku kulala, joto limejaa, na harufu ya popo inashuka juu yetu pamoja na vumbi. Runinga ilikuwa ile ya chogo, imewekwa juu ya meza, na chini yake deki imefunikwa kitambaa cha kufuma kama ilivyokuwa desturi kwenye nyumba za heshima. Kitambaa kilifumwa na Mama Chausiku, mpishi wetu, ambaye hakuwahi kukaa kutazama chochote lakini hakutaka deki ikae uchi. Treni ikipita, picha ilicheza, na Mwalimu Gaspari alisimamisha mkanda na kusubiri kwa adabu ipite yote, behewa hadi behewa, ndipo aendelee. Alikuwa mtu wa Vidunda, kule milimani, mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, sauti ya chini, na tabia ya kusogea karibu na runinga mpaka uso wake unapata rangi za picha. Mpaka leo nikimkumbuka humwona hivyo, nusu ya uso buluu.

Kwenye makaratasi, chuo kilikuwa na kaseti nyingi za kufundishia. Kabatini ilikuwemo moja tu. Ilikuwa video ya wimbo wa roki, wa zamani hata wakati ule, wa Wazungu wanne wenye nywele za mabegani. Tuliitazama mwaka mzima. Wanapiga muziki ndani ya ghala tupu lenye vioo vilivyovunjika. Mwimbaji kavaa shati jeupe lililofunguliwa vifungo, anaimba amefumba macho, halafu anayafumbua na kukutazama wewe uliyekaa kwenye kiti chako. Kutoka kwenye gitaa la mwenzake inatoka waya nyekundu. Kamera inaifuata waya ile taratibu sakafuni, inapita kwenye madimbwi ya maji, inaingia chini ya mlango. Kisha unaonyeshwa chumba kingine, na mwanamke amelala juu ya meza, kafunikwa shuka jeupe hadi kidevuni, mkono mmoja unaning'inia nje. Halafu waya tena. Halafu mkono. Halafu mwimbaji anapiga ukelele, ngoma zinaporomoka, na wimbo unakwisha yule mwanamke akiwa hajafumbua jicho. Siku ya kwanza niliitazama kwa upenyo wa vidole. Nilitoka darasani kijasho chembamba kinanitoka, nikamwambia Zuhura kwamba kama huu ndio muziki basi mimi nitabaki na dansi.

Mwalimu hakutufundisha kuipenda, alitufundisha kuifumua. "Zuhura, ile waya imeishia wapi?" aliuliza siku moja. "Kwenye mkono wa yule dada, Mwalimu." "Umeona?" "Nimeona." Akageukia wengine, na sote tukasema tumeona, hata mimi niliyekuwa nimefumba macho. Basi akarudisha mkanda nyuma, akauachia kidogo kidogo, anausimamisha kila picha inapobadilika, na kweli hapakuwa na mahali popote waya na mkono vilipokuwa pamoja. Waya ilikuwa peke yake kwenye picha yake. Mkono ulikuwa peke yake kwenye picha yake. "Mmepewa vipande viwili," alisema, "cha tatu mmekishona wenyewe. Na hicho mlichokishona ndicho kimewatisha." Akatuonyesha kwamba kamera imewekwa chini karibu na sakafu ili mwimbaji aonekane mrefu kama mnara. Akatuonyesha kwamba taa iko upande mmoja tu ili nusu ya kila uso ifichwe. Akasema kila aina ya video ina ada zake: za dansi letu zilipigwa kwenye bustani ya hoteli, gari la kuazima pembeni, wanenguaji mstari mmoja, ili mwanamuziki aonekane ameukata, hizi za roki zinakuonyesha jasho na ghala bovu ili uamini hawa watu hawajapakwa poda, ilhali wamepakwa. Darasa lilicheka. Kisha akauliza swali ambalo alilirudia hadi likawa kama salamu yake: "Na nani hayumo kwenye picha?" Kuhusu yule mwanamke alituuliza kwa nini hana jina, hana neno, hana hata ruhusa ya kufumbua jicho. Nikajibu kwamba labda wamemlaza pale ili sisi tumwogopee. "Ili wewe uogope," alisema Mwalimu. "Yeye hakuna aliyemuuliza."

Ningetamani kusema kwamba elimu ile iliniondolea hofu. Ilinipa maneno ya kuitaja tu. Mchana tulikula kwenye kibaraza cha jikoni, ugali na mlenda, na siku za nafuu wali wa maharage, migongo tumeegemeza kwenye ukuta wa matofali; na upande wa pili wa ukuta ule Mama Chausiku alikaa na majirani wakipembua mchele na kupiga soga. Mwaka ule soga zao zilikuwa na jambo moja. "Limeonekana tena njia ya Mikumi," alisema jirani. "Jeupe, refu, halina namba." "Namba inayo, wanaiziba tope," alisema Mama Chausiku. "Wanakuwekea kitambaa puani, husikii kitu. Wanakulaza, wanakuchomeka mpira, damu inakwenda yenyewe mpaka uwe mweupe." "Na damu wanaipeleka wapi?" "Ng'ambo. Wewe unadhani kwa nini Wazungu hawazeeki?" Mumiani, walisema, wamerudi. Neno lile nililisikia tangu utotoni na sikuwahi kulicheka. Niliweka sahani chini. Nilimtazama Zuhura, naye akanitazama, na nikajua wote wawili tumeona kitu kile kile, chumba chenye meza na shuka jeupe. Ndivyo nilivyoishi miezi ile: asubuhi naifumua picha darasani, mchana naishona upya jikoni, na kila gari jeupe lililopita mjini lilinifanya niingie dukani kununua kitu nisichokihitaji.

Kwa hiyo Mwalimu alipotangaza kwamba zoezi la kumalizia muhula litakuwa kuipeleka video ile mbele ya watazamaji ambao hawajasoma darasani, na kwamba amepata banda la video Mikumi, nilimfuata barazani. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwambia watu wana maneno ya mumiani, na video yetu ina waya, ina mwanamke, na gari la chuo ni jeupe. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alifikiri, akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Ndiyo maana nataka kujua wataisomaje," alisema. "Picha haimalizikii kwenye runinga, Rehema. Inamalizikia kwa anayeitazama. Sisi humu tumejifungia na mablanketi yetu, tutajuaje?" Yalikuwa maneno mazuri. Mpaka leo nawaambia vijana ninaowafundisha kazi. Lakini siku ile yalinitisha kuliko video yenyewe, kwa sababu niliona huyu mtu hana hofu hata chembe, na mtu asiye na hofu anaweza kukupeleka popote.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Banda lilikuwa la mabati na turubai, mabenchi ya mbao, sakafu ya udongo iliyojaa maganda ya karanga, na watu walikuwa wamebanana kwa sababu Mwalimu alitangaza kwamba kuingia ni bure. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima, kwa hiyo jenereta la chuo liliachwa linanguruma ndani ya gari letu, upande wa nyuma, na umeme ukaletwa ndani kwa ekstensheni yetu, ikapitishwa chini ya bati. Ekstensheni ile ilikuwa nyekundu. Nimekaa na jambo hilo miaka yote hii na bado mwili hunisisimka: mwaka mzima tulifundishwa kutazama kila kitu kilichomo ndani ya picha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeitazama waya iliyokuwa miguuni mwetu. Mimi nilisimama karibu na runinga ya chuo, begi la kamera begani. Wimbo ulipoanza watu walicheka zile nywele. Mwimbaji alipofumbua macho, kicheko kikapungua. Waya ilipoanza kutambaa, kikakatika. Na mwanamke alipoonekana mezani, nilisikia banda zima likivuta pumzi, kisha nikasikia jenereta peke yake.

"Mmeona nini?" Mwalimu aliuliza wimbo ulipokwisha, kwa ile sauti yake ya darasani. Akauliza tena. Mwanamke mmoja wa makamo, aliyepakata mtoto, akasema, "Damu." "Umeiona wapi, mama?" "Si inapita kwenye mpira, inatoka mkononi kwa yule binti." Mwalimu akafurahi. Naapa alifurahi, ni lile jibu letu la mwaka mzima, na alikuwa amekwisha kuinama kurudisha mkanda nyuma ili awaonyeshe. Ndipo mtu wa benchi la mbele akatazama chini. Alitazama waya nyekundu iliyotoka kwenye runinga, akaifuata kwa macho sakafuni, katikati ya miguu ya watu, hadi ilipoingia chini ya bati kuelekea kwenye gari jeupe lililokuwa linanguruma nje. Hakupiga kelele. Aliinua miguu yake taratibu na kuipandisha juu ya benchi. Wa pembeni yake akatazama, naye akapandisha. Nikaona miguu ikipanda benchi moja baada ya jingine mpaka nyuma.

Kijana mmoja akasimama. Baadaye nililijua jina lake, Saidi; siku ile nilijua tu kwamba hajafika hata miaka kumi na minane na kwamba anatetemeka kama mimi. "Dada yangu Mwanaidi alitoka nyumbani jana," alisema. "Hajarudi. Mmempeleka wapi?" Sikumbuki tulitokaje nje. Nakumbuka jua, na watu wanaozidi kuja kutoka upande wa sokoni, na Zuhura amenishika mkono mpaka kucha zimeniingia. Walimweka Mwalimu katikati. Saidi alimkamata ukosi wa shati, na kwa kuwa sikuthubutu kutazama uso wa mtu yeyote, niliutazama mkono ule: kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kuelekea nje, kama kiliwahi kuvunjika kikaunga vibaya. Mtu akasema lete tairi. Alilisema bila kupaza sauti, kama mtu anayeagiza kiti, na nilielewa kwamba mwalimu wangu anakwenda kufa hapa, mchana kweupe, kwa ajili ya video ya roki.

Mwalimu akafanya alichojua, akafundisha. Aliwaambia yule mwanamke hakuchomwa kitu chochote. Aliwaambia waya imepigwa picha yake na mkono umepigwa picha yake, pengine siku tofauti, kwamba kamera ilikuwa chini, taa ilikuwa kushoto, na yule dada aliambiwa alale tu asitikisike. Alieleza vizuri. Ungekuwa mtihani, angepata alama zote. Na kila alipozidi kueleza, nyuso zilizidi kufunga. "Taa ilikuwa kushoto," mtu mmoja alirudia. "Aliambiwa alale," akasema mwingine. Saidi akamvuta ukosi karibu. "Kwa hiyo ulikuwepo," alisema. Hapo ndipo nilipoona kosa letu. Mahali pale, mtu anayejua jambo kwa undani kiasi kile ni yule aliyelifanya au aliyesimama pembeni likifanyika. Darasani kujua namna picha ilivyotengenezwa kulikuwa akili; pale kulikuwa ushahidi. Nikaona macho yake yameanza kuzunguka nyuma ya miwani, na kumbe hofu alikuwa nayo, tena nyingi, alikuwa tu hajawahi kufikishwa mahali pa kuitumia.

Tairi lilikuwa limekwisha kufika, linavingirishwa. Watu waliachana kulipisha, na kwenye uwazi ule ule akapita bibi mmoja kajitanda kaniki, mfupi, anatembelea fimbo, anauliza kwa nini watu wanapiga kelele mbele ya nyumba yake. Alikuwa nyanya yake Saidi, lakini sisi hatukujua. Mwalimu alimwona akiwa hatua chache mbele yake. Ukosi wake umeshikwa, miwani imekwenda upande, na sidhani kama alifikiri. Mdomo ulijiendea wenyewe kama unavyojiendea mdomo wa yeyote kati yetu akikutana na mtu mzima. "Shikamoo, bibi," alisema. Na bibi, kabla hajatazama ni nani anayemwamkia wala amefanywa nini, akaitikia. "Marahaba, baba. Hujambo?"

Sijui niielezeeje kwa msomaji ambaye hakuwepo. Kelele hazikukoma, zilipungua tu, zikapata aibu. "Sijambo, bibi," alisema Mwalimu, sauti imekwaruza. "Umetokea wapi?" "Nimetokea Kilosa, bibi, ila nyumbani ni Vidunda." "Vidunda kwa nani?" "Kwa mzee Kilangila, kule juu karibu na kanisa." Bibi akaegemea fimbo. "Kilangila yule aliyekuwa anateremsha ndizi?" "Ndiye baba yangu." "Mrefu, ana kovu hapa?" "Ndiye." Akamuuliza jambo kwa Kividunda, Mwalimu akamjibu kwa Kividunda, na muda wote huo Saidi alikuwa bado ameshika ukosi wa mtu anayezungumza na nyanya yake. Niliuona mkono ule ukipata shida. Hakuna aliyemfundisha namna ya kumkaba mtu ambaye bibi yake anamuuliza habari za nyumbani. Ukosi ukalegea kidogo, ukalegea tena, na hatimaye bibi akamgeukia, akasema bila ukali wowote, "Mwachie mgeni apumue, amenisalimia." Saidi akaachia.

Tuliondoka bila runinga, bila deki na bila ile waya. Jiwe moja lilipasua kioo cha nyuma na hakuna aliyegeuka kutazama. Njia nzima kurudi Kilosa Mwalimu alikuwa anajipapasa shingo kana kwamba anahakikisha bado ipo. Mwanaidi alipatikana wiki iliyofuata. Alikuwa Dumila kwa mama yake mdogo, anauza vitunguu kwenye madirisha ya mabasi. Aliondoka bila kuaga kwa sababu alijua bibi angemkatalia. Habari hizo zilipotufikia Mama Chausiku alisema, "Si mnaona, mumiani wamemrudisha," na akaendelea kupembua mchele.

Darasani, mbele ya meza tupu iliyobaki na kitambaa chake cha kufuma, Mwalimu alituambia jambo lililonikera. Alisema watu wa Mikumi waliisoma video sawasawa. Walitazama waya, walitazama mkono, wakatazama na lililokuwa nje ya picha, wakaunganisha. Sisi ndio tulioshindwa kusoma banda. Halafu akasema Jumamosi anarudi. Nilisahau adabu nikampigia kelele mbele ya wenzangu. Nilimwambia ni mwendawazimu, kwamba tairi bado lipo palepale, kwamba sitakwenda kuuchukua mwili wake. Alinisubiri nimalize, kama alivyokuwa akisubiri treni. "Bibi aliniitikia, Rehema," alisema. "Hakunijua, na aliniitikia. Nisiporudi kumwona, atabaki anajiuliza aliitikia nini." Akapanda basi na kilo mbili za sukari. Mimi nilikaa stendi ya mabasi kutwa, sikula, natazama barabara, roho mkononi, mpaka alipoteremka jioni amebeba mhogo na miwani yake imefungwa kwa uzi. Alirudi tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Chuo kilipofungwa alihamia Mikumi kabisa, akafungua studio ya kupiga pasipoti, akaoa, akazeeka huko. Alinialika kila mwaka. Kila mwaka nilikuwa na udhuru.

Jumamosi ya mazishi nilishuka Mikumi, na nilishuka kwa sababu tu kondakta alikuwa amekwisha kuteremsha mizigo yangu. Mji umekua, sikuitambua njia, jambo lililonisaidia. Nyumba ya Mwalimu ina uwanja mpana, akina mama walikuwa kwenye masufuria makubwa nyuma, katekista anajaribu spika. Nilifunga kamera kwenye stendi, nikaweka jicho kwenye kioo, na hapo nikawa salama kidogo. Nyuma ya kamera mimi hupumua. Nilipiga picha za wanawake majirani, nikapiga Zuhura na watoto wa Mwalimu, nikapiga jeneza linavyotoka mlangoni. Nikasogeza picha karibu kwenye mikono iliyolibeba, kama alivyonifundisha mwenyewe, kwamba uso huigiza lakini mkono husahau. Mkono wa tatu ulikuwa na kidole cha mwisho kilichopinda kuelekea nje. Niliachia kamera. Nikawa tena yule msichana aliyeshikwa mkono na Zuhura, natafuta pa kukimbilia, na akili yangu ya kihariri ikaniambia kwa haraka kwamba hilo si tatizo, nitamkata, video haitapungua chochote. Na palepale nikamsikia Mwalimu akiniuliza nani hayumo kwenye picha. Nikarudisha jicho kwenye kioo. Nikaichomoa kamera kwenye stendi, nikamfuata nayo mpaka kaburini, picha zote zimecheza, na sijazirekebisha.

"Ndiye Saidi," Zuhura aliniambia tulipokuwa tunanawa mikono. "Mwalimu alipoanza kuugua, huyu ndiye aliyekuwa anambeba kumtoa nje kuota jua." Nilisema sitaki kujua. Nilikuwa nakunja stendi, nageuza geuza mgongo, nilipoona kivuli kimesimama karibu na begi langu na hakiondoki. Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, kofia ameishika kwa mikono miwili mbele ya kifua. Nadhani alinijua tangu asubuhi. Nadhani hata yeye alikuwa na hofu, maana aliikunja kofia ile kabla ya kusema.

"Shikamoo, dada."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia mtu huyu. Nimeyaandaa miaka mingi, kwenye mabasi, nyuma ya pazia. Nilifungua mdomo nikiwa sijui litakalotoka, kamera kifuani, na mdomo ukajiendea wenyewe.

"Marahaba," nilisema. Halafu, kwa sababu ukishaitikia huwezi kuishia hapo, nikamuuliza, "Mwanaidi hajambo?"